Mwanao Akimpenda Mtu wa Kuja

Jioni moja, mama anayekaanga samaki pale sokoni, ufukweni Bagamoyo, alikuja kwangu bado amejifunga kanga ya kazini, mikono inanuka mafuta. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni, akafungua fundo la kanga alimozoea kufunga pesa, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, soma mwenyewe. Mwanangu ana Msomali."

Nikasoma. Kalamu ya buluu, hati iliyolala upande mmoja, ua limechorwa pembeni. Robo tatu ya barua ile ilikuwa ya shule. Kijana anampa pole kwa malaria, anamweleza walichofundishwa kwenye Fizikia siku alizokosa, anamkumbusha arudishe mkebe wa hesabu kabla ya mtihani. Mstari wa mwisho tu ndio uliokuwa wa mapenzi. Nimekamata barua nyingi za darasani katika miaka yangu ya kufundisha, na chache zilikuwa na adabu kama ile.

Mama aliongea kwa nusu saa. Kwa mazoea ya ualimu nikawa nahesabu kimoyomoyo. "Msomali" alilitaja mara kumi na moja. "Kidato cha nne" mara moja. Umri wa binti, miaka 16, hakuutaja mpaka nilipomuuliza.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya hesabu ile. Wazazi wengi wa ukanda wetu huu, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege mpaka Saadani na Pangani, wana sababu nzuri kabisa za kusimama kati ya mtoto na mapenzi ya mapema. Kuna shule, kuna mwili ambao haujakomaa, kuna sheria. Sababu hizo nzuri wanaziacha chini, wanaokota moja mbovu: huyu si mwenzetu. Mtoto si mjinga. Akiona kwamba sababu uliyoishika haina ukweli, anazitupa zote kwa mkupuo, pamoja na zile ambazo zingemwokoa. Halafu mapenzi yanahamia kichakani, na huko kichakani hakuna mzazi, hakuna shangazi, hakuna wa kumwambia "rudi nyumbani, jua limezama".

Sasa kijana mwenyewe. Amezaliwa Chogo, wilaya ya Handeni. Baba yake amekuja upande wetu kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miwa. Nyumbani kwao wanazungumza Kizigua. Na mama aliyesimama mlangoni kwangu ni Mzigua, kwao Miono.

Naomba mnivumilie kidogo nieleze Wazigua walifikaje Somalia, maana bila hilo ushauri wangu hautashika. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua wa pwani hii. Wengi waliuzwa, wengine wakadanganywa kwamba wanapelekwa penye kazi na chakula, wakapakiwa kwenye majahazi na kushushwa pwani ya Banadir, wakalimishwa mashamba karibu na mto Shebelle. Waliofanikiwa kutoroka walijichimbia kwenye misitu ya mto Juba wakaanzisha vijiji vyao. Masimulizi ya wazee wao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza kutoroka. Huko walikaa zaidi ya miaka 150, na Kizigua hawakukiacha. Wenyeji waliwaita Jareer, yaani watu wa nywele ngumu, na miongoni mwa mambo waliyonyimwa kwa sababu ya jina hilo ni ndoa: koo nyingi za Kisomali hazikutaka kumwoza binti yao kwa Jareer. Vita vilipoipasua nchi ile mwaka 1991, wengi walikimbilia Kenya, na kutoka huko maelfu walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Wengine walirudi Tanzania. Wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, na baadaye Serikali ikaanza kuwapa uraia.

Kwa hiyo kule wazee wa kijana huyu walinyimwa wake kwa kuwa si Wasomali. Hapa yeye ananyimwa salamu kwa kuwa ni Msomali.

Nilimweleza mama yule haya yote nikidhani nimeshinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi yake upya. "Mwalimu, historia umesoma wewe. Mimi nina watu mtaani."

Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa, na namshukuru kwa kunipa, maana lilinionyesha mahali jambo lenyewe lilipo. Mama hakuwa anamwogopa kijana. Alikuwa anaogopa midomo. Ukiwa mzazi na limekufika jambo kama hili, fanya kwanza kazi hii kabla hujasema neno na mwanao: hao "watu mtaani" wape majina. Chukua hata karatasi. Utashangaa, watu hao huwa ni watatu au wanne. Shemeji mmoja, jirani wa ukuta, mwenzio mmoja wa kikoba, labda na mzee fulani wa msikitini au wa jumuiya kanisani. Mji mzima haukusemi. Mji mzima una shughuli zake. Na hao watatu waandalie sentensi moja fupi isiyo na ugomvi, uiseme vilevile kila mara: "Mwanangu yuko shule, na nyumba yangu ina utaratibu wake." Usieleze zaidi. Usiombe radhi. Umbea unakosa kuni ukikutana na mtu anayejibu jambo lilelile siku tatu mfululizo.

Msomali ni mfano tu. Katika mji wetu neno hilo linabadilishwa kila nyumba. Kwa wengine ni Mang'ati, kwa wengine ni "mtu wa bara", au Mhindi, Mwarabu, Mrundi, Mmakonde, mtoto wa padri kwa maana ya Mkristo wa misheni. Mji wenyewe umejengwa na watu wa kuja. Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilipofunguliwa mwaka 1868, waliokombolewa utumwani na kuoana pale kwenye kijiji cha Uhuru walitoka makabila ya mbali yasiyojuana hata kwa lugha, na wajukuu zao leo ni wenyeji kuliko mwenyeji. Wanyamwezi waliokuja na misafara ya pembe wamezaa humu na kuzikwa humu. Anayejiita mwenye mji, akipanda vizazi vinne tu nyuma, mara nyingi anakuta jahazi au msafara.

Kuna watakaoniambia kwamba maneno yale ni utani tu. Hapa ni lazima tuwe makini, kwa sababu utani ni mali yetu ya thamani na sitaki uchafuliwe. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka msibani, na utani huo umezuia magomvi mengi. Lakini utani una pande mbili. Mimi nikikusema, nawe unanisema, na kama ukinizidi nalipa. Mtoto wa mfugaji anayeitwa Mang'ati darasa zima likacheka, naye hana neno la kurudisha wala ruhusa ya kulirudisha, huyo hataniwi, anatukanwa. Mfundishe mwanao kipimo hicho. Na wewe mzazi jipime nacho siku unapomwita rafiki wa mwanao kwa jina la kabila lake badala ya jina aliloitwa na mama yake.

Tuje kwenye mazungumzo yenyewe na mtoto. Usiyaanze usiku, na usiyaanze umesimama. Mama wa samaki nilimwambia asubiri Jumamosi, wakati yeye na binti wanapara samaki pamoja. Mikono ikiwa kazini macho hayalazimiki kukutana, na mtoto wa miaka 16 huzungumza zaidi akiwa anatazama kitu kingine. Kuchambua mchele kunafaa, kukuna nazi kunafaa, kusuka nywele kunafaa kuliko vyote. Simu usimnyang'anye kabla hamjazungumza. Ukiichukua kwanza, mazungumzo yatakuwa ya simu.

Swali la kwanza liwe juu ya kijana kama mtu: anaitwa nani, anapenda somo gani, kinachomchekesha ni nini. Hutapoteza kitu kwa kuuliza, na binti atashtuka kuona hukuanza na kwao wapi. Swali la pili ndilo kubwa, na ningekuwa na ruhusa ya kuuliza moja tu ningeuliza hili: "Ukimkatalia jambo, anafanyaje?" Jibu la swali hilo litakueleza zaidi ya kabila, dini na pasipoti. Kijana anayeambiwa "leo siwezi kuja" akasema "haya, tutaonana shule" ni mtu mmoja. Anayenuna, anayetishia kujiua, anayemwita binti mshamba, anayedai picha ili aamini kwamba anapendwa, ni mtu mwingine, hata kama ni mtoto wa dada yako na mmesali naye safu moja tangu utoto. Ubaguzi una hasara hii ambayo wazazi hawaioni: unawafanya wamtazame kijana wa mbali kwa darubini, wakati huohuo wanamfungulia mlango wa ndani binamu au mpangaji kwa sababu "ni wa kwetu".

Halafu semeni mwili, kwa maneno ya kueleweka. Kama huwezi, na wengi wetu hatukulelewa kuweza, mila zetu zilishaliona hilo. Ndiyo maana Wazaramo na Wakwere hawakumwachia mama mzazi kazi ya kumfunda mwali. Alitafutwa kungwi, alitafutwa somo. Kila kijana, wa kike na wa kiume, anahitaji mtu mzima mmoja ambaye si mzazi, anayeweza kuulizwa lolote bila habari kufika mezani usiku ule. Shangazi anafaa, mjomba anafaa, bibi anafaa sana. Mteue mtu huyo, na umwambie mwanao wazi: "Ukishindwa kuniambia mimi, mwambie shangazi yako, nami sitamuuliza."

Sheria nayo ielezeni, kwa sababu vijana wengi hawaijui na wazazi wengi wanaijua nusu. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kufanya mapenzi na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji kisheria hata kama yeye amekubali, na mwanaume mtu mzima anaweza kufungwa miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka miaka 30 pia kwa anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa picha za utupu za watoto, zile ambazo vijana wanadhani ni siri ya wawili. Sheria hizi zipo kumlinda mtoto na mimi naziunga mkono. Lakini semeni pia ukweli wake wa mtaani: mkono wa sheria humfikia haraka zaidi kijana asiye na ndugu wa kumsemea. Kijana wa Chogo aliyemaliza shule juzi na kutimiza miaka 19, na mtoto wa mkubwa wa mtaa mwenye umri uleule, wakikutwa na kosa moja hawapelekwi kwenye meza moja. Kijana mwenyewe lazima alijue hili, na anayempenda pia alijue. Anayempenda kweli hamwingizi mwenzake kwenye hatari ambayo yeye mwenyewe hataibeba.

Lipo jambo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeliona. Mzazi amekasirika, binti hataki kuachana na kijana, basi mzazi anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kunong'ona: "Wale watu karatasi zao mnazijua?" Au kijana na binti wameachana vibaya, na mmoja anamwandikia mwenzake kwenye simu, nitakupeleka Uhamiaji. Usifanye hivyo. Hata ukiwa umeumizwa vipi, usifanye. Ugomvi wa watoto wawili wa shule unaweza kuivunja familia ya watu saba, mdogo wao akiwa mtoto wa kunyonya. Kwa majirani zetu wa Kenya, Wamakonde wa Kwale waliishi miaka mingi bila vitambulisho ingawa wazee wao walipelekwa kule kulima mkonge na miwa tangu enzi za ukoloni. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho na kuhesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walioko pwani ileile walisubiri mpaka mwaka 2023. Mtu asiye na karatasi hawezi kusajili ndoa kwa utulivu, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na akipigwa na mwenzi wake anaogopa hata kwenda polisi. Kumtishia mtu kwa jambo hilo ni kumshika kooni. Kama wewe kijana umetishiwa hivyo, mwambie mtu wako mzima siku hiyohiyo, na uhifadhi ujumbe ule, usiufute.

Wazazi wa upande wa pili nao nina neno nao. Mgeni akibaguliwa hujenga ukuta wake, na ndani ya ukuta ule hubagua vilevile. Nimesikia wafugaji wakisema watoto wa pwani ni wavivu na wachawi. Nimesikia familia za kibara zilizonunua viwanja Kerege zikiwakataza watoto wao kucheza na "Waswahili", kana kwamba wamehamia kisiwani. Nimesikia familia ya Kiasia iliyokaa mji huu vizazi vitano ikisema juu ya kijana Mzaramo maneno ambayo sitayaandika. Aliyekimbia dharau mahali pengine asiibebe kwenye begi akaja nayo.

Kuna wazazi, wachache lakini wapo, wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanataka kuonyesha kwamba wao si wabaguzi, basi wanayashabikia mapenzi ya watoto, wanapiga picha, wanaanza kumwita kijana "mkwe". Nao nawaomba watulie. Ng'ambo ya bahari yetu hii, Zanzibar, mwezi Septemba 1970, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi waliowazidi umri mno, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba ndoa za mchanganyiko zitaondoa ubaguzi wa rangi. Mtoto wa kike alifanywa dawa ya ugonjwa wa watu wazima. Mapenzi ya vijana wawili wa rangi mbili hayatakiwi kuthibitisha kitu. Yaacheni yawe madogo kama yalivyo. Mengi yataisha yenyewe kabla ya matokeo ya mtihani, na ni haki yao yaishe bila mji kuhesabu nani ameshinda.

Wengine wanatafuta njia ya mkato: wanamwoza binti upesi kwa mtu wa kabila lao, ili tu asimfuate yule mgeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hata pasipo mahakama, jiulize: umemkataa kijana wa miaka 17 aliyeandika barua ya Fizikia, ukampa mtoto wako mwanaume wa miaka 35. Umemlinda na nini? Na kama limeshatokea la kutokea na binti ana mimba, mlango wa shule haujafungwa. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani. Mpeleke.

Sasa wewe kijana mwenyewe, maana najua umeisoma nakala hii kwa kuiba baada ya mama kuiacha mezani. Kaa.

Sikukatazi kumpenda mtu wa kabila lolote. Nakuomba uangalie mambo mawili matatu ambayo mapenzi ya kupingwa huyaficha. Watu wakiwapinga, mnaanza kuhisi kwamba nyinyi wawili mko upande mmoja wa vita, na mtu akiwa vitani hamchunguzi mwenzake. Unamsamehe mambo ambayo usingemsamehe kijana wa jirani. Anakutukana, unasema amebanwa na dhiki za kwao. Anakutenga na rafiki zako, unasema rafiki zangu ni wabaguzi. Huenda kweli rafiki zako ni wabaguzi, na huenda kweli naye anakutenga. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli siku moja.

Siri nayo ipime. Kumficha baba mkali si sawa na kufichwa na mtu anayekwambia usimwambie yeyote. Na kama anayekwambia hivyo amekuzidi miaka kumi, ana gari, au ana pasipoti ya nchi ya mbali, na anakuahidi Ulaya au Uarabuni, simama. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, alikuwa na miaka 21 alipoondoka Unguja mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi yake na jirani yake Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata walioana Aden, akahamia Hamburg. Ruete alimpenda, sidhani kuna anayebisha. Lakini mwaka 1870 alifariki kwa ajali ya tramu, na binti wa kifalme akabaki mjane mwenye watoto watatu katika nchi ambayo lugha yake ndiyo kwanza anajifunza, na kwao hapafunguki. Huyo alikuwa mtu mzima, na alipendwa kweli. Wewe una miaka 16, na umeahidiwa tu. Ukitaka kumfuata mtu ng'ambo siku moja, nenda na cheti chako mwenyewe, na kazi ya mikono yako, na nauli ya kurudi.

Usikubali kutoroshwa. Usikubali, hata kama nyumbani pamekuwa moto. Kama pamekuwa moto kweli, unapigwa, unafungiwa, unataka kuozwa, namba 116 ni ya watoto na kupiga ni bure. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi. Ukienda, nenda na mtu wako mzima, yule shangazi.

Na wewe ambaye ndiye "wa kuja" katika hadithi hii, wewe wa Chogo, wa kwenye mazizi ya Chalinze, wa familia iliyotoka Kigoma na jina linalomfanya kila askari akuulize mara mbili: huna deni la kuthibitisha kwamba wewe ni mtu mzuri kuliko wengine. Nimewaona vijana kama wewe wakijipinda, wanabeba ndoo za mama mkwe mtarajiwa, wanabadili lafudhi, wanakana kabila lao. Heshima toa, ni ya kila mzee. Lafudhi yako baki nayo. Karatasi zako, kuanzia cheti cha kuzaliwa, anza kuzifuatilia mapema kwa ajili yako mwenyewe, kabla hujafikisha miaka 18 na foleni ya kitambulisho. Na binti akikwambia kwao wamekataa, usimshindanishe na mama yake. Utashindwa, na hata ukishinda utakuwa umemjeruhi unayempenda.

Mama wa samaki alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii alikaa. Alinieleza kwamba wamepara samaki, wamezungumza, binti amelia kidogo, na kwamba kwa swali la "ukimkatalia anafanyaje" binti alicheka, akasema kijana huwa anaomba radhi hata kwa yasiyo makosa. Basi akaweka utaratibu. Kijana akitaka kuja aje Jumamosi alasiri, apitie mlango wa mbele, akae kibarazani, na kabla ya magharibi awe ameondoka. Barua ziishe, akiwa na la kusema aseme. Kuhusu mapenzi yenyewe alisema neno ambalo naona linatosha: "Nimewaambia wayatunze, sijawaambia wayale."

Nilipita kwake mwezi mmoja baadaye kununua changu, nikawakuta kibarazani. Bibi wa binti alikuwa amekuja kutoka Miono kwa matibabu ya miguu, ameketi mkekani na ungo wa mchele. Kijana alifika na daftari, akavua viatu, akaamkia. Bibi akaitikia marahaba, akamuuliza kwao wapi, kama wanavyouliza wazee. Kijana akamjibu kwa Kizigua.

Bibi aliuweka ungo chini. Akamwambia arudie lile neno la mwisho. Akarudia. Bibi akasema neno hilo mara ya mwisho alilisikia kwa bibi yake mzaa mama, na kwamba siku hizi hata Miono halisemwi. Akaanza kumuuliza mengine, hili mnaitaje, na hili, akimwonyesha kinu, kata, kifuu, na kijana anajibu huku daftari limebaki mapajani halijafunguliwa.

Mama akaliacha karai la samaki, akaja mpaka ukingoni mwa kibaraza na mwiko mkononi. "Mama, mwache kwanza huyo asome," akasema. "Ana mtihani wa taifa Novemba."